Mapipa Matano ya Maji, Kikombe Kimoja cha Mafuta

Na Afisa Ugani

Huenda umekwisha kusikia habari hii redioni au sokoni. Watu wanasema kwamba ule utando wa kijani unaoota juu ya maji ya bwawa unaweza kutoa mafuta ya kuendeshea magari. Wengine wanacheka. Wengine wanauliza: "Kama ni kweli, kwa nini tunanunua dizeli ya mashine ya kusaga kwa bei kubwa, na utando huo tunao bure?"

Swali hilo ni zuri, na lina majibu mawili. Jibu la kwanza ni ndiyo, mafuta yamo. Jibu la pili ni kwamba watu wametafuta kwa miaka mingi njia ya kuyatoa kwa bei nafuu, na hawajaipata.

Makala hii inaeleza majibu yote mawili. Isome polepole. Kama uko katika kikundi, someni kwa zamu, kisha mjadiliane. Siku moja mgeni anaweza kufika kijijini kwenu na habari hii mdomoni. Akifika, inafaa mjue la kumwuliza.

MWANI NI NINI?

Watu wa pwani wanajua mwani. Ni majani ya baharini yanayoletwa ufukoni na mawimbi. Lakini upo pia mwani mdogo sana, ambao jicho peke yake haliwezi kuuona. Kila mmea ni chembe moja tu. Chembe kumi zikipangwa mstari ndipo zinakaribia unene wa unywele mmoja. Wataalamu huziona kwa hadubini, yaani chombo chenye vioo vya kukuzia vitu vidogo.

Chembe hizi zikiwa chache, maji huonekana safi. Zikiwa nyingi sana, maji hugeuka rangi ya kijani. Kwa hiyo ukiona bwawa la kijani, ujue unatazama shamba. Ndani yake mna mimea mingi kuliko mahindi yote ya wilaya yako.

Mwani mdogo unaishi kama mimea mingine. Unahitaji jua, maji, hewa na mbolea. Hewa unayoitaka ni ile tunayoitoa puani, ambayo huitwa hewa ya kaboni. Lakini mwani hauna shina, hauna mizizi, na hauna maua. Nguvu zake zote zinakwenda katika kukua na kuzaana. Mahali pazuri mwani unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja. Leo ni kilo moja, kesho ni kilo mbili. Hakuna zao la shambani linalokua namna hiyo.

MAFUTA YAMO KWELI

Ndani ya chembe za mwani mna mafuta, kama yalivyo ndani ya karanga, ufuta na alizeti. Aina nyingine zina mafuta machache. Aina nyingine zina mengi, kiasi cha robo ya uzito wa mwani mkavu, au hata zaidi.

Mafuta hayo yakikamuliwa hufanana na mafuta ya kupikia. Kuyageuza yawe dizeli si uchawi. Akina mama wanaotengeneza sabuni wataelewa mara moja. Wao huchukua mafuta, hutia kostiki soda, na mafuta hubadilika. Katika kutengeneza dizeli ya mimea, mafuta huchanganywa na spiriti pamoja na kostiki soda kidogo. Juu huelea dizeli. Chini hubaki gliserini, ambayo hutumika katika sabuni na dawa.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui. Petroli na dizeli tunayonunua leo ilitokana kwa sehemu kubwa na mwani. Zamani sana, mamilioni ya miaka iliyopita, mwani na viumbe vidogo vya majini vilikufa na kuzama. Vilifunikwa na matope. Vikabanwa na kupikwa na joto la ardhi kwa muda mrefu mno, mpaka vikawa mafuta. Kwa hiyo anayetaka kupata mafuta kutoka kwenye mwani anataka kufanya kwa siku chache kazi ambayo ardhi iliifanya kwa mamilioni ya miaka.

KWA NINI WALIANZA KUUTAFUTA

Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zenye mafuta zilipunguza kuuza mafuta yake, na nchi nyingine zilinyimwa kabisa. Katika muda wa miezi michache bei ya pipa la mafuta ikapanda mara nne. Kila nchi iliumia, maskini na tajiri. Wazee wetu wanaikumbuka miaka hiyo. Magari yalisimama na mafuta ya taa yalikuwa haba.

Nchi tajiri zikaanza kutafuta njia nyingine. Mwaka 1978 Serikali ya Marekani ilianzisha mradi wa kuchunguza mimea ya majini. Baada ya muda wataalamu wa mradi huo walikaza macho kwenye mwani mdogo wenye mafuta. Walizunguka katika madimbwi, maziwa ya chumvi na pwani za bahari. Walikusanya aina 3,000 za mwani. Wakazichambua kama mkulima anavyochambua mbegu, wakabakiwa na aina 300 hivi zilizofaa zaidi.

Wengi walifurahi. Ilisemwa kwamba ekari moja ya mwani ingeweza kutoa mafuta mara 30 kuliko ekari moja ya mazao ya mbegu za mafuta. Ilisemwa pia kwamba mwani hautagombania shamba na mahindi, kwa kuwa unaweza kuota jangwani, tena katika maji ya chumvi. Ahadi hizo zilikuwa na msingi. Kilichobaki kilikuwa kujaribu shambani.

WALIYOYAONA ROSWELL

Shamba la majaribio lilikuwa Roswell, katika jimbo la New Mexico, Marekani. Ni nchi kavu yenye jua kali. Walijenga mabwawa mawili, kila moja la mita za mraba 1,000, yaani kama robo ya ekari. Maji yalikuwa ya kina kifupi, ili jua lifike mpaka chini. Magurudumu yenye makasia yaliyasukuma maji yazunguke mchana na usiku.

Siku nyingine mavuno yalikuwa makubwa. Kila mita moja ya mraba ilitoa gramu 50 za mwani mkavu kwa siku. Lakini usiku wa Roswell ni wa baridi, na mwani haupendi baridi. Walipopiga hesabu ya mwaka mzima, walipata wastani wa gramu 10 tu kwa siku.

Gramu 10 kwa kila mita, mara mita 1,000, ni kilo 10 za mwani mkavu. Tukiweka kwamba robo yake ni mafuta, tunapata kilo mbili na nusu za mafuta kwa siku. Hizo ni chini ya lita 3, kutoka bwawa la robo ekari lenye mitambo.

Waliona na mambo mengine mawili, na mkulima atayaelewa vizuri.

Jambo la kwanza ni magugu. Mwani uliochaguliwa maabara, wenye mafuta mengi, ulipopelekwa bwawani haukudumu. Mwani wa porini uliletwa na upepo na vumbi, ukaingia majini, ukaota kwa nguvu, ukaumeza ule wa mbegu bora. Shambani tunang'oa magugu kwa jembe. Katika bwawa hakuna jembe la kung'olea gugu lisiloonekana kwa macho.

Jambo la pili ni la ajabu zaidi. Mwani unaopewa mbolea ya kutosha hukua upesi, lakini haujazi mafuta mengi. Mwani ukinyimwa mbolea hujaza mafuta, lakini unaacha kukua. Ni sawa na kuwa na ng'ombe wawili. Mmoja anazaa kila mwaka lakini amekonda. Wa pili amenona lakini hazai. Ukitaka vyote viwili kwa ng'ombe mmoja, humpati. Wataalamu walidhani njaa itaongeza mafuta ya bwawa zima. Walipopima, hayakuongezeka.

Mradi huo ulifungwa mwaka 1996, baada ya kutumia dola milioni 25. Mwaka 1998 wataalamu walitoa taarifa ya kazi yote. Walisema kweli bila kuficha. Hata kama kila jambo lingekwenda vizuri, dizeli ya mwani ingegharimu mara mbili ya bei ya dizeli ya kawaida ya wakati ule.

HESABU YA MAPIPA MATANO

Sasa tufanye hesabu wenyewe. Chukua penseli.

Pipa moja la kawaida huchukua lita 200 za maji. Mapipa matano ni lita 1,000. Jaza mapipa hayo maji ya bwawa la mwani lililotunzwa vizuri sana, la kijani kabisa. Je, mna mwani kiasi gani ndani yake? Ukiukausha wote utapata kilo moja, au pengine nusu kilo tu. Yaliyobaki yote ni maji.

Haya, tuseme umepata kilo moja. Robo yake ni mafuta. Hiyo ni gramu 250, kiasi cha kikombe kimoja cha chai. Mapipa matano ya maji yametoa kikombe kimoja cha mafuta.

Ukikamua alizeti huna kazi hiyo. Jua linakukaushia shambani, unapukusa, unapepeta, unapeleka kwenye mashine. Lakini mwani umetawanyika majini kama chumvi katika mchuzi. Kwanza lazima uutoe. Kitambaa hakifai, kwa sababu chembe ni ndogo mno na zinapita. Unaweza kutia dawa ya kuzifanya zishikamane na kuzama, kama shabu inavyotuliza maji ya matope. Unaweza kutumia mashine inayozungusha maji kwa kasi kubwa. Dawa ni fedha, na mashine inakula umeme.

Ukimaliza hapo, bado hujapata mwani mkavu. Umepata uji mzito wa kijani. Katika kila kilo 5 za uji huo, kilo moja ni mwani na kilo 4 ni maji. Sasa ukausheje? Ukiuweka juu ya moto, moto wa kukausha kilo 4 za maji unakula nguvu karibu sawa na nguvu yote iliyomo katika kile kikombe cha mafuta. Umechoma kikombe kimoja ili upate kikombe kimoja. Ukiuanika juani, unahitaji uwanja mkubwa, na mwani mbichi huoza upesi.

Hapo ndipo penye shida yote. Mwani hauna ubaya. Gharama iko katika kuutenganisha na maji.

NA MBOLEA JE?

Wanaosema mwani unaota bure wanasahau mbolea. Kila mkulima anajua kwamba mmea haujengi mwili wake kwa maji matupu.

Ili upate tani moja ya mwani mkavu unahitaji naitrojeni kiasi cha kilo 50, na mara nyingi zaidi. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Kwa hiyo tani moja ya mwani inakula mifuko miwili ya urea na zaidi. Inahitaji fosforasi pia. Mwani unataka na hewa ya kaboni, karibu kilo mbili kwa kila kilo moja ya mwani. Hewa ya kawaida inayo, lakini ni kidogo. Ndiyo maana mabwawa mengi ya majaribio hupulizwa hewa ya kaboni kwa mabomba, kutoka viwandani au kwenye mitungi.

Urea yenyewe hutengenezwa viwandani, mara nyingi kwa kutumia gesi ya ardhini. Basi mtu anaweza kutumia gesi ya ardhini kutengeneza mbolea, mbolea kukuza mwani, na mwani kupata mafuta. Katika kila hatua kitu kinapotea njiani.

MAKAMPUNI MAKUBWA YALIJARIBU

Bei ya mafuta ilipopanda tena katika miaka ya 2000, matumaini yalirudi. Safari hii yaliingia makampuni yenye fedha nyingi.

Mwaka 2009 kampuni ya mafuta ya ExxonMobil ya Marekani ilitangaza kwamba ingeweza kutumia dola milioni 600 katika utafiti wa mwani. Mwaka 2018 ikasema inakusudia kuwa na uwezo wa kutoa mapipa 10,000 kwa siku ifikapo mwaka 2025. Lakini mwaka 2023 habari zikatoka kwamba kampuni hiyo imeacha mpango huo.

Kampuni nyingine ya Marekani, Solazyme, ilifika mbali zaidi. Tarehe 7 Novemba 2011 ndege ya Shirika la Continental ilichukua abiria kutoka Houston hadi Chicago. Asilimia 40 ya mafuta yake yalitokana na mwani wa kampuni hiyo. Ndege iliruka na kutua salama. Lakini tuangalie mwani huo uliishi namna gani. Haukuota bwawani kwa jua. Uliwekwa gizani ndani ya matangi, ukalishwa sukari. Na sukari inatoka shambani. Kumbe bado shamba lilihitajika.

Tuangalie bei pia. Mwaka 2009 Jeshi la Majini la Marekani liliagiza kwa kampuni hiyo karibu lita 76,000 za mafuta ya mwani, kwa dola milioni 8.5. Ni kweli kwamba fedha hizo zilibeba na gharama za utafiti. Hata hivyo kila lita ilifika dola 112. Mwaka 2011 jeshi hilo lilinunua karibu lita milioni 1.7 za mafuta yaliyotokana na mwani na mabaki ya mafuta ya kupikia. Kila lita iligharimu karibu dola 7. Bei ilikuwa imeshuka sana, lakini mafuta ya kawaida wakati huo yalikuwa karibu dola moja kwa lita.

Kampuni ya Solazyme mwishowe iligeukia chakula na vipodozi. Mwaka 2016 ilibadili jina ikaitwa TerraVia. Mwaka 2017 ikafilisika. Makampuni mengine nayo yaligundua jambo hilohilo. Kilo moja ya mwani ikiuzwa kama chakula cha kujenga mwili huleta fedha nyingi kuliko ikikamuliwa dizeli.

Wataalamu hawajakata tamaa. Wengine wanajaribu kupika uji wa mwani ukiwa mbichi, ndani ya chombo kilichofungwa kwa nguvu, chenye joto na mgandamizo mkubwa. Kwa njia hiyo hawalazimiki kuukausha kwanza. Wengine wanautumia mwani kusafisha maji machafu ya mijini, ili mbolea ipatikane humo humo bila kununuliwa. Kazi hizo ni njema, na siku moja zinaweza kufaulu. Siku hiyo ikifika tutaona mafuta ya mwani yakiuzwa kituoni, na bei yake imeandikwa kwenye pampu.

TUMEKWISHA KUFUNDISHWA NA MBONO

Msomaji anaweza kuuliza: "Hayo ni ya Marekani. Yanatuhusu nini?" Yanatuhusu, kwa sababu ahadi za mafuta ya mimea zimekwisha kufika vijijini mwetu.

Wengi mnaujua mbono. Watu huupanda kama ua wa nyumba na mpaka wa shamba, na mbegu zake zina mafuta. Katika miaka ya 2000 mbono ulisifiwa duniani kote. Ilisemwa hauhitaji maji mengi wala ardhi nzuri. Ni kweli mbono huishi katika ardhi mbaya. Lakini kuishi na kuzaa ni mambo mawili. Katika ardhi mbaya mbono hutoa mbegu chache.

Huko Kisarawe, mkoa wa Pwani, kampuni moja ya kigeni ilipata zaidi ya hekta 8,000 kwa ajili ya mbono. Ardhi hiyo ilikuwa ya vijiji. Wananchi waliahidiwa kazi na huduma. Mwaka 2011 shughuli zikasimama. Mamia ya watu wakakosa kazi.

Na ardhi je? Hapa ndipo penye somo kubwa. Ardhi ya kijiji ikitolewa kwa mwekezaji kutoka nje, kwanza huhamishwa na kuwa ardhi ya jumla. Mradi ukifa, ardhi hiyo hairudi yenyewe kijijini. Mwekezaji anaondoka, na kijiji kinabaki kikitazama pori ambalo zamani kilikata humo kuni na kuchimba dawa.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

MASWALI MATANO YA KUMWULIZA MGENI

Akija mtu na mradi wa mafuta ya mwani, mkaribisheni vizuri. Mpeni kiti na maji ya kunywa. Kisha mwulizeni maswali haya mbele ya mkutano, na katibu ayaandike majibu.

1. Mwani utautoaje majini, na utaukaushaje? Nishati ya kazi hiyo inatoka wapi, na nani analipa?

2. Mbolea itatoka wapi, mifuko mingapi kwa mwaka?

3. Maji yatatoka wapi wakati wa kiangazi? Katika jua kali bwawa linaweza kupungua milimita 5 kwa siku. Kwa bwawa la robo ekari hizo ni lita 5,000, yaani mapipa 25 kila siku. Je, kisima chetu kitaweza?

4. Ni nani amekwisha kununua mafuta yako? Wapi, lita ngapi, kwa bei gani? Tuonyeshe hati.

5. Mradi ukifa, ardhi itakuwa ya nani?

Mtu mkweli hatachukizwa na maswali haya. Atakaa nanyi apige hesabu. Anayekasirika, au anayetaka mtie sahihi leo leo, mwacheni aende zake.

Kumbukeni kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti katika jambo hili. Ardhi haigawiwi na mwenyekiti peke yake, wala na wajumbe wachache usiku. Na asiwepo mtu wa kutoa fedha zake kununua "mbegu ya mwani wa mafuta" kabla ya kumwona ofisa wa kilimo au wa uvuvi wa kata yake.

MWANI UNAOTUFAA LEO

Isifikiriwe kwamba mwani hauna faida. Unayo, na wengi wetu tunaipata bila kujua.

Faida ya kwanza iko katika bwawa la samaki. Sato na perege hula mwani mdogo. Ukitia samadi kidogo kidogo bwawani, mwani unaota, samaki wanakula, nawe unakula samaki. Mwani hapa huna haja ya kuuchuja, kuukausha wala kuukamua. Kazi hiyo samaki anakufanyia.

Pima bwawa lako hivi. Ingiza mkono majini mpaka kiwiko, na kiganja ukikunjue. Kama kiganja kinapotea machoni wakati maji yanapofika kiwiko, mwani unatosha. Kama bado unaviona vidole vizuri, ongeza samadi. Kama kiganja kinapotea kabla maji hayajafika kiwiko, mwani umezidi. Acha kutia samadi. Mwani ukizidi hutumia hewa yote ya majini usiku, na alfajiri utawaona samaki wanatweta juu ya maji.

Faida ya pili iko Zanzibar. Tangu mwaka 1989 wakulima wa Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, wamelima mwani mkubwa wa baharini na kuuza nchi za nje. Mbegu zililetwa kutoka Ufilipino. Wakulima wengi ni wanawake. Hufunga vipande vya mwani kwenye kamba, na kamba hufungwa kwenye vigingi mahali maji yanapokupwa. Baada ya wiki 6 hivi huvuna na kuanika. Viwandani hutolewa humo kitu cha kuzitia uzito dawa za meno na vyakula. Vikundi vingine hutengeneza sabuni ya mwani wenyewe. Kazi hiyo ina shida zake. Bei ni ndogo, na maji ya bahari yakipata joto sana mwani huugua. Lakini soko lake lipo. Mwani huo una mafuta machache mno, kwa hiyo hakuna anayeukamua.

Sasa neno la hadhari kwa wananchi wa kando ya Ziwa Victoria. Msichote ule utando wa kijani unaokusanyika ufukoni mkidhani ni mali. Mara nyingi utando huo si mwani wa kawaida. Ni vijidudu vya kijani vinavyofanana na mwani, na baadhi yake vina sumu inayodhuru ini. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha maji. Msinywe maji yenye utando huo, msipikie, wala msinyweshe mifugo. Tafuteni maji ya kisima, au ya bomba.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema pia, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo inawafaa wenye duka, na inawafaa wanaosikiliza ahadi.

Mafuta ya mwani ni kweli. Yamerusha ndege na yameendesha meli. Lakini mpaka sasa daftari lake linaonyesha gharama kubwa kuliko mapato. Walioshindwa walikuwa watu wenye elimu kubwa na mamilioni ya dola. Wao walipoteza fedha. Mwanakijiji akikosea hesabu hiyo atapoteza shamba.

Wewe sasa unajua kusoma na kuhesabu. Usiache mtu mwingine akuhesabie.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini ni vigumu kupata mafuta kwenye mwani kuliko kwenye alizeti?

2. Bwawa lina lita 10,000 za maji ya kijani. Kila lita 1,000 zina kilo moja ya mwani mkavu, na robo yake ni mafuta. Utapata kilo ngapi za mafuta?

3. Je, kijiji chetu kimewahi kuahidiwa mradi ambao haukufika? Tuliuliza maswali gani? Tungeuliza yapi leo?

4. Nani kati yetu ana bwawa la samaki? Kesho twende tukalipime kwa mkono.